Geuza Picha Kwanza: Kwa Mnaoanza Kuorodhesha Picha za Magazeti ya Uingereza

Kila kundi jipya linaloingia katika kazi ya kuorodhesha picha za magazeti ya Uingereza za miaka ya 1930 hadi 1950 huanza kwa namna ile ile. Macho hutekwa na upande wa mbele, kisha maelezo yaliyobandikwa nyuma hunakiliwa kwenye hifadhidata neno kwa neno, kana kwamba ni hati ya kiapo. Wiki hii nimekutana tena na rekodi mpya isemayo "watoto maskini wakiwakejeli wanafunzi wa Eton", yaani shule ya bweni ya watoto wa matajiri. Ninawaandikia kwa sababu ninawathamini, na pia kwa sababu kosa hili lina umri mkubwa kuliko wazazi wenu na linapaswa kustaafu.

1. Geuza picha kabla ya kuitazama kwa raha. Nyuma kuna stempu ya wakala, yaani kampuni iliyouzia magazeti picha, iwe Keystone, Fox, Central Press au Planet News, kuna karatasi ya maelezo iliyopigwa taipu, vipimo vya safu za gazeti vilivyoandikwa kwa penseli, na kwa picha za wakati wa vita mara nyingi kuna muhuri wa mdhibiti wa habari. Tarehe ya stempu inaweza kuwa siku picha ilipopokelewa maktaba au ilipochapishwa, si lazima iwe siku ilipopigwa. Msifute kamwe rangi nyeupe wala alama za penseli ya nta zilizoko mbele, kwa kuwa huo ni ushahidi wa mkono wa mrekebishaji na wa mhariri aliyeamua nini kikatwe.

2. Maelezo ya picha yaliandikwa na mtu mwenye haraka, mara nyingi ofisini, na pengine hakuwapo picha ilipopigwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu picha ya Lord's ndiyo aibu ya fani yetu nzima.

Tarehe 9 Julai 1937, siku ya mechi ya kriketi kati ya Eton na Harrow, shule nyingine ya matajiri, Jimmy Sime wa Central Press alipiga picha ya wavulana watano nje ya uwanja wa Lord's, London. Wawili wamevaa kofia ndefu, makoti yenye mikia na fimbo mkononi. Watatu wamevaa mashati yaliyo wazi shingoni, nao wanawatazama. Kesho yake picha ilitokea katika gazeti la News Chronicle, na tangu hapo imetumiwa kwa miongo mingi kila mara mtu alipotaka kuonyesha pengo kati ya matajiri na maskini wa Uingereza. Mara nyingi wale wawili waliitwa wanafunzi wa Eton, ilhali walikuwa wa Harrow. Wale watatu waliitwa watoto wa mitaani waliokuja kudhihaki. Ukweli ni kwamba walikuwa wanafunzi wa shule ya jirani waliotoka kwa daktari wa meno asubuhi hiyo, wakaona afadhali kupita Lord's kutafuta senti mbili tatu kwa kubeba mizigo na kufungua milango ya magari kuliko kurudi darasani. Wale wenye kofia walikuwa wakisubiri gari la wazazi wa mmoja wao, na gari lilichelewa.

Linaloniuma zaidi ni yale yaliyofuata, ambayo maelezo ya picha hayakuyajua wala hayakuyatafuta. Mmoja wa wale wenye kofia alifariki India mwaka uliofuata kwa dondakoo, akiwa bado kijana. Wa pili aliugua akili na akafia hospitalini baada ya maisha magumu. Kati ya wale watatu waliohesabiwa kuwa wasio na bahati, angalau wawili walifika uzeeni na waliweza kuulizwa wenyewe kuhusu siku ile. Waorodheshaji wangapi waliishika picha hiyo, wakaiona ni maarufu mno kuhitaji kuchunguzwa, wakanakili "Eton" na kuendelea na bahasha inayofuata? Sare za shule hizo mbili zinatofautiana, na mtu angeweza kuulizia shuleni kwa barua moja. Tuliridhika na hadithi kwa sababu ilikuwa nzuri, na watu watano wakapotea ndani yake. Ndiyo maana rekodi ya wiki hii nimeirudisha bila kusita.

3. Picha za vioja zinahitaji umakini kuliko picha za wafalme. Bunge likiwa likizoni mwezi wa Agosti, magazeti yalikuwa na njaa ya habari, na wapigapicha walipanga mengi wenyewe. Mfano mashuhuri wa upangaji, ingawa si wa kuchekesha, ni ule wa Fred Morley wa Fox Photos, Oktoba 1940: muuza maziwa anapita juu ya vifusi vya London na kreti yake ya chupa, na inasimuliwa kwamba aliyevaa koti lile jeupe hakuwa muuza maziwa bali msaidizi wa mpigapicha. Vifusi ni vya kweli na wazimamoto walioko nyuma ni wa kweli, kwa hiyo andikeni vyote viwili, kwamba mahali ni halisi na kwamba mhusika huenda alipangwa.

Vioja vingine, kinyume chake, ni vya kweli kabisa hata vikionekana vya kutungwa. Wanawake wa mji wa Olney, Uingereza, wanaokimbia na vikaango huku wakirusha chapati za maji hawakupangwa na gazeti lolote. Ni desturi ya zamani iliyofufuliwa mwaka 1948, na tangu 1950 mji wa Liberal, Kansas, hushindana nao. Na ukikutana na picha ya mwaka 1948 ya watu wakilifukuza gurudumu la jibini kwenye mteremko wa Cooper's Hill, Gloucestershire, usiandike "jibini" ukaishia hapo. Kwa sababu ya mgao wa chakula, tangu 1941 hadi 1954 gurudumu lilikuwa la mbao, na ndani yake kulitiwa kipande kidogo cha jibini halisi ili mila isikatike. Nampenda sana aliyebuni jambo hilo.

4. Picha moja huweza kutumikia pande mbili. Usiku wa 29 Desemba 1940 Herbert Mason, akiwa juu ya paa la jengo la Daily Mail, alipiga kuba la kanisa la St Paul's likichomoza katikati ya moshi. Gazeti lake liliikata na kuirekebisha, likaichapisha kama ishara ya uimara wa London. Mwezi uliofuata jarida moja la Berlin likaichapisha kama ushahidi kwamba London inateketea. Andikeni kila matumizi mnayoyathibitisha.

5. Msibahatishe aina ya kamera kwa kuangalia jina la mpigapicha. Bert Hardy wa jarida la picha la Picture Post, aliyezoea kamera za kitaalamu, aliwapiga wasichana wawili juu ya reli ya ufukweni Blackpool mwaka 1951 kwa kamera rahisi ya Box Brownie, ili kuthibitisha kwamba jicho linatangulia kifaa. Tom Hopkinson, aliyekuwa mhariri wa jarida hilo hadi 1950, alikuja baadaye kuwafundisha waandishi wa habari Nairobi katika miaka ya 1960, na nawashauri mlisome jarida hilo toleo kwa toleo.

6. Tarehe zitafuteni ndani ya picha: kivuko chenye mistari ya pundamilia barabarani kwa kawaida kinaelekeza mwishoni mwa 1951 au baada yake. Watoto waliosongamana mbele ya duka la peremende wanahitaji subira zaidi, kwa sababu mgao wa peremende uliondolewa Aprili 1949, ukarudishwa Agosti mwaka huo huo kwa kuwa mahitaji yalizidi bidhaa, na ukaisha kabisa tarehe 5 Februari 1953. Makoti mazito yanaweza kuunga mkono Februari, lakini Aprili ya Uingereza nayo ina baridi, kwa hiyo someni mabango ya dukani na stempu ya nyuma kabla ya kuchagua mwaka.