Nilichojifunza kumpeleka mama Kampala akiwa na miaka 74

Juzi dada mmoja wa Sengerema kaniandikia. Mama yake ana miaka 70, mpunga umelipa, anataka amtoe nje ya nchi japo mara moja wakale na kutembea. Aanzie wapi? Nilimjibu mistari miwili, kisha usiku usingizi ukanipaa. Jibu lenyewe ni hili.

Agosti 2025 nilimpeleka mama yangu Kampala. Ana presha, na magego yamemwisha. Kwenye kundi la familia kaka yangu mkubwa aliandika, "Utatuulia mama barabarani." Hakuna aliyenitetea, na kimya kile kinaniuma mpaka leo, maana wote walijua kwa nini iwe Kampala. Mjomba wetu alipigana vita vya Kagera akaingia Kampala mwaka 1979. Aliporudi Magu hakusimulia bunduki, alisimulia ndizi: wanazifunga kwenye majani, wanazipika kwa mvuke, wanazila kama sisi tunavyokula ugali. Mama aliibeba simulizi hiyo zaidi ya miaka 40, huku akiuza samaki Mwaloni pale Kirumba ili sisi tusome. Mjomba alishatangulia mbele za haki.

Makaratasi hayasumbui ukianza mapema. Pasipoti, halafu kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na mzee aliyevuka miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa aonane na daktari kwanza. Usikimbilie sindano.

Kosa langu lilikuwa basi. Nilikata tiketi ya moja kwa moja, Mwanza hadi Kampala, kwa sababu mimi ndivyo ninavyosafiri. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa Juni, hakuna tena kungoja kivuko, nikajiaminisha kwamba safari imekuwa fupi. Vidonge vya presha nikavifungia kwenye begi, begi likaenda kwenye buti. Kufika Muleba miguu ya mama imevimba, kamba za viatu zimezama kwenye nyama. Alikuwa hajanywa hata funda la maji tangu stendi ya Nyegezi, eti asimsumbue dereva kusimama. Ukimuuliza, "Niko salama, mwanangu." Wazazi wetu ndivyo walivyo, watakwambia wako salama hadi waanguke. Nilimbembeleza konda afungue buti, nikachukua dawa, nikamvua mama viatu nikamkanda miguu mbele ya abiria wote. Nililia na sikujificha.

Kwenye daraja la Kyaka, lile ambalo majeshi ya Idi Amin yalilibomoa mwaka 1978, aliniambia nisogeze pazia. Akautazama mto Kagera akalitaja jina la kaka yake, mara moja tu. Mpaka wa Mutukula tulivuka bila tabu.

Siku ya kwanza Kampala nayo niliiharibu. Nilimzungusha mjini nikimpiga picha, jua kali, bodaboda kila upande, na yeye anafuata tu kama mtoto. Usiku ndipo nikamuuliza swali ambalo ningeliuliza tangu Mwanza: mayu, wewe unataka kuona nini? Akasema, "Wanakouza samaki."

Tukaenda soko la samaki la Ggaba, ziwa lilelile letu kwa upande mwingine. Mama alinyooka mgongo. Akainama kwenye meza ya mchuuzi, akaingiza kidole chini ya shavu la sato, akafunua matamvua: mekundu, yanateleza. Akabonyeza tumbo, akaangalia jicho. Mchuuzi akacheka, akajua huyu si mgeni wa kudanganywa. "Ngege," akamwambia. "Sato," mama akajibu. Sangara mchuuzi akamwita mputa, dagaa akawaita mukene. Kisha mchuuzi akataja enkoko akielekeza kuku waliokuwa wakipita, mama akapiga kofi, "Ngoko! Hata sisi Wasukuma ni ngoko!" Bei ilimshtua, hadi nilipomweleza kwamba shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu. Wakapunguziana bei kwa vidole na vicheko, na mimi nimesimama pembeni sina kazi.

Mchana tukala luwombo kwa mama ntilie. Jani la mgomba huwa wanalipitisha motoni lilegee lisipasuke, ndani wanaweka kuku na mchuzi wa karanga, wanafunga kamba, mvuke unafanya kazi iliyobaki. Mama alifungua fungo lake polepole, akainamisha uso kwenye ule mvuke. Matoke, zile ndizi za mjomba, hayahitaji magego. Alikula yote, akafuta jani kwa kidole. Binti aliyetuletea maji ya kunawa alipiga magoti, mama akamwekea mkono kichwani akambariki kwa Kisukuma, kama alivyokuwa akibarikiwa yeye zamani. Mabinti wetu wa mjini siku hizi wanaamkia wakubwa macho yakiwa kwenye simu, na sisi tulio wazazi tunaona sawa tu. Si sawa.

Jinja tulikaa saa mbili, akachovya mkono pale Nile inapolitoka ziwa. Ilitosha.

Kurudi nilishika adabu. Tulilala Bukoba siku mbili, tukapanda meli ya usiku hadi Mwanza, akalala amenyoosha miguu kitandani. Kwa hiyo dada yangu wa Sengerema, kata safari vipande. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mnyweshe maji, mtembeze kila basi linaposimama. Na umuulize anataka nini, halafu ukifuate hicho. Ndugu wakisema atakufa njiani, waulize mara ya mwisho walikula naye lini. Fedha ya kujengea nyumba itapatikana baadaye, bati halizeeki dukani. Mama anazeeka leo.

Jumapili iliyopita mama alikata majani ya mgomba nyuma ya nyumba yake Igoma, akatupikia luwombo ya kwake, kwa sato badala ya kuku. Kaka yangu alikuja, akala sahani mbili, hakusema kitu kuhusu ule ujumbe wake. Mama akaniuliza pembeni kama Kisumu nako kuna soko la samaki. Pasipoti yake inaisha mwaka 2035.