Mzio: ni ugonjwa, au ni kile kinachodhuru?

Swali: Fomu ya shule ya mwanangu ina sehemu ya "mzio wa mtoto". Nikaandika "pumu". Mwalimu akanirudishia, akataka niandike kinachomdhuru. Kwani mzio si ugonjwa? Na je, lupasi nayo ni mzio, maana nasikia yote ni mambo ya kinga? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

Jibu: Mwalimu yuko sahihi. Kabla hospitali hazijaliazima, neno mzio lilikuwa na kazi yake: chakula au kitu ambacho mtu amekatazwa, kwa sababu ya afya au mila. Aliyekatazwa pweza husema "pweza ni mzio wangu", na hapo mzio ni pweza mwenyewe. Lilipochukuliwa kusimama mahali pa aleji, maana ikasogea. Katika "nina mzio wa pweza", mzio ni hali iliyo mwilini na pweza ni chanzo. Maana zote mbili ziko hai. Fomu inauliza chanzo. Pumu ni ugonjwa, na si kila pumu inaletwa na mzio, kwani mafua na hewa baridi navyo huiamsha.

Kwa sarufi, mzio ni wa ngeli ya U-I: mzio unanisumbua, mizio yangu. "Mzio inanisumbua" ni kosa. Anayetaka "inanisumbua" atumie aleji. "Aleji na vumbi" inapita katika mazungumzo, lakini kwenye maandishi andika "mzio wa vumbi".

Sasa lupasi, ugonjwa ambao kinga hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Mwaka 1963 Gell na Coombs, wataalamu wa Uingereza, waligawa miitikio ya kinga iliyopita kiasi katika aina nne. Hilo la "mwitikio wa kinga uliopita kiasi" ndilo jina la mwavuli, na ningependa tuliache lifanye kazi hiyo badala ya kuita kila kitu mzio.

Aina ya kwanza ndiyo mzio hasa. Kingamwili (protini za kinga) ziitwazo IgE zimekwisha kaa juu ya seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta uvimbe na mwasho. Mtu akila kamba, seli hizo zinaimwaga. Ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya nusu saa, midomo inavimba, mabaka yanawasha, kifua kinabana. Presha ikishuka, huo ni mshtuko wa mzio, na mgonjwa anahitaji sindano ya adrenalini haraka. Vidonge vya kuzuia kuwashwa havitoshi.

Aina ya pili, kingamwili hushambulia seli zenyewe, kama mtu anapowekewa damu ya kundi lisilopatana na lake. Ya tatu, kingamwili hushikana na vitu vinavyozunguka kwenye damu, kisha mafungu hayo hunasa kwenye figo, viungo na mishipa. Lupasi iko hapa kwa sehemu kubwa. Usiandike "mzio wa lupasi"; andika "ugonjwa wa kinga kujishambulia".

Aina ya nne ndiyo inayowachanganya watu wengi. Haina kingamwili, inaendeshwa na seli T, aina ya seli nyeupe za damu, nazo hazina haraka. Uvimbe wa sindano ya kipimo cha kifua kikuu husomwa baada ya saa 48 hadi 72 kwa sababu hiyo, na si sahihi kusema "sindano imenipa mzio". Lakini piko ya harusi iliyochanganywa na rangi ya nywele ni jambo jingine: siku ya pili au ya tatu maua yaleyale yanafura, yanatoka malengelenge. Huo ni mzio wa ngozi, na neno limekaa mahali pake. Kwa kuwa umechelewa, mtu hulaumu samaki aliyekula jana, na piko inapakwa tena harusi ijayo.

Maziwa yanayojaza tumbo gesi kwa kukosa laktasi, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa, hayamo katika aina yoyote kati ya hizo. Sema "maziwa yananikataa". Ukisema mzio, mpishi na nesi watajiandaa kwa hatari isiyokuwepo.

Kwenye fomu andika kitu, kinachotokea, na muda wake: "Kamba. Midomo huvimba na kifua hubana dakika kumi baada ya kula." Pumu iandike kwenye mstari wa magonjwa.