Kwa nini Wasovieti walifunga barabara za Berlin, anga wakaiacha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma kidato cha sita, tahasusi ya HGL. Tumefika kwenye mzingiro wa Berlin wa 1948 na kuna jambo linanitatiza. Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji, lakini ndege za Marekani na Uingereza zilipita juu ya eneo lao karibu mwaka mzima bila kuangushwa. Mwalimu wetu wa tuisheni anasema ni woga tu: Marekani ilikuwa na bomu la atomiki, Stalin hakuwa nalo. Nikiandika hivyo kwenye mtihani nitakuwa nimejibu? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, hutakuwa umejibu. Hilo jibu la bomu ninakutana nalo kila ninaposahihisha insha za Vita Baridi, na linaniudhi kuliko makosa ya tarehe au ya majina, kwa sababu anayeliandika huwa ameacha kufikiri palepale.

Hebu lipime kwa tarehe. Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la majaribio tarehe 29 Agosti 1949. Mzingiro ulianza 24 Juni 1948 ukaondolewa 12 Mei 1949. Kwa hiyo siku barabara zinafungwa, Marekani ndiyo peke yake yenye bomu, na siku zinafunguliwa hali ni ileile. Kama bomu lilimzuia Stalin asiguse ndege, mbona halikumzuia asiguse malori na treni za hao hao Wamarekani? Kitu kilichokuwapo wakati wote hakiwezi kueleza kwa nini njia moja ilifungwa na nyingine ikaachwa.

Utasikia pia kwamba Rais Truman wa Marekani alipeleka ndege za kudondosha mabomu za B-29 Uingereza mwezi Julai 1948 na Stalin akanywea. Ndege zilipelekwa kweli, ila hazikuwa zile zilizorekebishwa ili zibebe bomu la atomiki, na baada ya kuwasili kwake mzingiro uliendelea miezi mingine kumi hivi. Sisemi bomu halikuwa na uzito wowote. Pande zote mbili zilikuwa zimetoka kwenye vita vya kutisha na hakuna aliyetaka vingine, na bomu lilikuwa sehemu ya hofu hiyo. Lakini wewe umeuliza kuhusu tofauti kati ya barabara na anga, na tofauti hiyo inaanzia kwenye makaratasi.

Tarehe 29 Juni 1945 Jenerali Lucius Clay wa Marekani na Jenerali Ronald Weeks wa Uingereza walikutana na Marshal Zhukov wa Usovieti mjini Berlin kuzungumzia njia za majeshi yao kuingia mjini, kwa kuwa baada ya vita Ujerumani iligawanywa kanda nne, za Marekani, Uingereza, Ufaransa na Usovieti, na Berlin nayo ikagawanywa sekta nne, lakini mji wenyewe ulikuwa katikati ya kanda ya Wasovieti. Zhukov alikubali watumie barabara kuu moja na njia moja ya reli. Mambo hayo yaliishia kwenye mazungumzo. Clay hakutaka yaandikwe, akihofia kwamba akitia saini kwa barabara moja ataonekana amekubali kuwa nyingine zote hana haki nazo. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alikosea.

Anga ilikwenda tofauti. Ndege za mataifa manne zilikuwa zinapishana juu ya mji mmoja na hatari ya kugongana ilikuwa dhahiri. Tarehe 30 Novemba 1945 Baraza la Udhibiti la Washirika, chombo cha mataifa hayo manne cha kuitawala Ujerumani, Wasovieti wakiwamo, likapitisha kwa maandishi shoroba tatu za anga, yaani njia maalumu za ndege: kutoka Hamburg, kutoka eneo la Hannover na kutoka Frankfurt, kila mmoja ukiwa na upana wa maili 20, yaani kilomita 32 hivi. Kikaundwa pia Kituo cha Usalama wa Anga cha Berlin, ambako maofisa wa nchi zote nne walikaa chumba kimoja wakipitia taarifa za safari za ndege. Machi 1948 Wasovieti walisusia Baraza la Udhibiti. Kwenye kituo hicho hawakutoka, hata mzingiro ulipopamba moto.

Sasa jiweke mahali pao. Barabarani unashusha kizuizi, unasema daraja la mto Elbe linafanyiwa matengenezo, na hakuna karatasi ya kukusuta. Mwenye lori akitaka kupita kwa nguvu, yeye ndiye aliyeanza ugomvi. (Clay alipendekeza kweli msafara wenye silaha upite kwa nguvu, Washington ikakataa.) Angani huna kizuizi cha kushusha. Unaweza kuwasumbua marubani, na Wasovieti waliwasumbua kwa kuwapitia karibu na kuwamulika kwa taa kali usiku, lakini ukitaka ndege isipite kabisa ni lazima uipige. Hapo utakuwa umevunja saini yako mwenyewe na kufyatua risasi ya kwanza.

Isitoshe, nani angeamini kwamba ndege zitaweza kuupelekea mji mahitaji yake yote? Sekta za Magharibi zilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili, na makadirio ya mwanzo ya mahitaji yao yalikuwa tani 4,500 kwa siku. Katika majira ya baridi ya 1942 na 1943 jeshi la anga la Hitler lilishindwa kulilisha jeshi moja lililozingirwa Stalingrad, na waliolizingira walikuwa Wasovieti hao hao. Hata nchi za Magharibi hazikuwa na uhakika. Zilianza na ndege za Dakota zenye uwezo wa kama tani tatu, kisha zikaleta C-54 zilizobeba takriban tani kumi. Jenerali William Tunner akaweka utaratibu mkali: rubani akikosa kutua mara ya kwanza hazunguki tena, anarudi na mzigo wake alikotoka, ili foleni ya nyuma isivurugike. Wakazi wa Berlin, wanawake wakiwa wengi, walijenga uwanja mpya wa Tegel kwa muda wa miezi mitatu. Tarehe 16 Aprili 1949 karibu tani 13,000 ziliteremshwa ndani ya saa 24. Jumla ilifika tani milioni 2.3 hivi, na sehemu kubwa yake ilikuwa makaa ya mawe. Hili la makaa wanafunzi hawaliandiki kamwe; wanadhani ulikuwa unga na peremende. Watu wapatao mia moja walikufa katika kazi hiyo.

Na usisahau ugomvi wenyewe ulihusu nini. Tarehe 20 Juni 1948 kanda za Magharibi zilianza kutumia sarafu mpya, Deutsche Mark, baada ya mkutano wa London kukubaliana kuunda dola la Ujerumani Magharibi. Stalin alitaka kulirudisha nyuma hilo, na Berlin ndiyo sehemu aliyoweza kuibana. Alichopata ni kinyume chake: NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilianzishwa Aprili 1949, na kabla mwaka haujaisha Ujerumani zilikuwa mbili. Ugomvi wa hizo mbili ulikuja kutufikia hata sisi. Mwaka 1965 Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikata msaada wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akakataa kupangiwa marafiki.

Kinachonisumbua zaidi ya swali lako, mwanangu, ni biashara ya madesa na video za dakika mbili. Wanaoziuza wana ufunguo mmoja wanaodai unafungua milango yote: leo bomu, kesho hotuba ya Churchill pale Fulton Machi 1946, keshokutwa ukatili wa Stalin. Hotuba ilitolewa, ukatili ulikuwapo, na bado hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokueleza kwa nini Juni 1948 na si Juni 1947, au kwa nini reli na si ndege. Mwanafunzi analipa, anakariri, anaingia chumba cha mtihani na sentensi moja kwa kila mada. Ukipewa sababu yoyote, uliza ilianza lini na iliisha lini, kisha uilinganishe na tukio. Kazi hiyo inachukua dakika tano na haihitaji tuisheni.

Kuna jingine ambalo limo kwenye madesa mengi yanayonifikia: kwamba ndege zilirushwa kuvuka Ukuta wa Berlin. Ukuta ulianza kujengwa 13 Agosti 1961. Wakati wa mzingiro watu waliweza kuvuka kutoka sekta za Magharibi kwenda ya Mashariki kwa miguu au kwa treni za mjini, na wapo waliokwenda huko kununua chakula. Ukikuta ukuta kwenye 1948, achana na desa hilo lote, maana aliyeliandika hakufungua kitabu, na hizo kurasa nyingine amezipata kwa njia ileile.