Maswali na majibu: Notsi za mtihani wa CPA (cheti cha uhasibu)

*Shikamoo mwalimu. Niko ngazi ya mwisho ya CPA. Darasani naandika kila kitu, nina madaftari manne ya taarifa za fedha peke yake, lakini mtihanini naganda. (Msomaji, Mwanza)*

Marahaba. Madaftari manne hayo ni kitabu ulichokinakili upya kwa mkono. Mtihani wa NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, haukuulizi kitabu kinasemaje. Unakupa kampuni, mkataba na tarakimu, halafu saa tatu zinaanza kwenda.

Chukua IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha kuhusu mikataba ya kukodi mali. Mimi ningeipa ukurasa mmoja. Juu naweka mfano: malipo ya sh. 10,000,000 kila mwisho wa mwaka, miaka 3, riba asilimia 10. Thamani ya sasa, yaani malipo yote matatu yakiondolewa riba, ni kama sh. 24,869,000. Riba ya mwaka wa kwanza ni 2,486,900, hivyo ukishalipa 10,000,000 deni linabaki 17,355,900. Chini yake, kwa wino mwekundu: "Malipo yakiwa MWANZO wa mwaka, malipo ya kwanza yanatoka kabla ya kukokotoa riba." Hapo ndipo watahiniwa wengi wanapoteza alama, na sentensi hiyo ina faida kuliko kurasa kumi za maelezo. Pembeni acha nafasi ya makosa yako mwenyewe, kila utakapofanya swali na kukosea.

*Dada yangu alifaulu miaka mitatu iliyopita, amenipa madesa yake yote. Yanatosha? (Msomaji, Mbagala)*

Ya ukaguzi wa hesabu na ya gharama, yatumie, ila pitia viwango vilivyobadilika. Ya kodi, mrudishie kwa heshima zote. Sheria ya Fedha hutoka kila mwaka na kuanza kutumika Julai 1. Kiwango au msamaha uliokuwepo enzi za dada huenda umeshafutwa. Kisha angalia Bodi inatahini sheria za hadi tarehe gani, maana sheria mpya mno nayo inaweza kukuponza.

*Natoka kazini saa kumi na mbili, foleni, nyumbani saa mbili. Nirudie notsi lini?*

Usiku huo usijidanganye kwamba utasoma sura nzima. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka cha jana: hatua tano za kutambua mapato za IFRS 15, kwa mfano. Ukikwama hatua ya tatu, ndiyo ya kufungulia daftari. Dakika ishirini zinatosha, kisha ulale. Kusoma tena na tena huku unapigia mistari kwa kalamu ya rangi kunakupa raha ya kuona maneno unayoyafahamu, basi. Rudia mada hiyo baada ya siku mbili tatu, halafu baada ya wiki. Jumamosi asubuhi ndiyo ya kupiga msuli kwa maswali marefu ya mitihani iliyopita, saa ikiwa mezani.

*Naweza kuandika notsi kwa Kiswahili wakati mtihani ni wa Kiingereza?*

Andika, hasa "kwa nini" ya jambo. Ila vichwa vya hesabu na majibu ya nadharia yafanyie mazoezi kwa Kiingereza tangu mapema.

*Simu au daftari?*

Kwa hesabu, daftari. Simu ipige picha ule ukurasa wa makosa, uupitie kwenye mwendokasi ukipata kiti.