Jaji Landis, kiapo cha Berger na mshahara wa besiboli

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Nimesoma kwamba hukumu ya jaji wa Marekani, Kenesaw Mountain Landis, dhidi ya Victor Berger ilitenguliwa kwa sababu alikataa kujitoa kwenye kesi. Hapa Tanzania si jaji mwenyewe ndiye huamua ombi la kumtaka ajitoe? Alikosea wapi? Na aliwezaje kuwa jaji huku analipwa na watu wa besiboli?

Jibu: Marahaba. Kuhusu kwetu umesema sahihi: ombi linapelekwa mbele ya jaji yuleyule, anawasikiliza mawakili, anatoa uamuzi mdogo. Lakini mwaka 1911 Bunge la Marekani liliziwekea mahakama za wilaya za shirikisho utaratibu mwingine. Kwa mujibu wa kifungu cha 21 cha sheria hiyo, mhusika akileta hati ya kiapo yenye mambo yanayomfanya aamini kuwa jaji ana chuki naye, na wakili wake akathibitisha kwamba imeletwa kwa nia njema, jaji haendelei. Anapangwa mwingine. Ili watu wasiutumie vibaya utaratibu huo, kila mhusika aliruhusiwa hati moja tu katika shauri zima.

Berger, msoshalisti wa Milwaukee aliyezaliwa katika dola ya Austria, alishtakiwa na wenzake wanne kwa Sheria ya Ujasusi ya 1917, kwa sababu ya kupinga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Katika kiapo chao walitaja maneno waliyodai Landis aliyatamka, kwamba mioyo ya Wamarekani wenye asili ya Ujerumani inanuka usaliti. Landis aliikataa hati, akaendesha kesi mwenyewe, na Februari 1919 akawafunga miaka 20 kila mmoja.

Tarehe 31 Januari 1921 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo, majaji sita kwa watatu. Jibu la swali lako limo humo: jaji anaruhusiwa kuangalia kama hati inatosha kisheria, yaani imeletwa kwa wakati na sababu zake ni za aina inayotambuliwa. Haruhusiwi kupima kama yaliyomo ni kweli. Aliyeapa uongo atashtakiwa kwa kosa hilo. Na usiseme rufaa ingetosha. Mahakama ilieleza kuwa rufaa huja baada ya kesi kwisha, chuki ikiwa imeshafanya kazi yake. Mimi naona hoja hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Soma pia maoni ya Jaji McReynolds, mmoja wa waliopinga. Kwake, kulichukia kundi hakumzuii jaji kumtendea haki mtu mmoja wa kundi hilo. Sikubaliani naye hata kidogo, ila mtihani wako utakutaka uijibu hoja hiyo.

Hukumu ya Landis ilikuwa imeshatenguliwa kabla ya hapo, tena kwa kishindo. Rais Theodore Roosevelt alimteua mwaka 1905 kukaa Chicago. Mwaka 1907 aliitoza Standard Oil ya Indiana faini ya dola 29,240,000 kwa makosa 1,462 ya kupokea nafuu haramu ya nauli za reli, dola 20,000 kwa kila kosa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa iliifuta, na haikulipwa hata senti.

Sasa besiboli. Novemba 1920 wamiliki wa timu walimpa ukamishna, yaani usimamizi mkuu wa mchezo huo, kwa dola 50,000 kwa mwaka. Alikubali, akabaki na ujaji, akaomba mshahara wake wa kijaji wa dola 7,500 ukatwe humo, hivyo akapokea 42,500. Sheria ilimkataza jaji kufanya uwakili, lakini haikutaja kazi kama hiyo. Katiba nayo inamlinda jaji wa shirikisho muda wote wa mwenendo mwema. Kumwondoa kunahitaji Baraza la Wawakilishi limshtaki na theluthi mbili ya Seneti imtie hatiani, kama ilivyompata Jaji Robert Archbald mwaka 1913 kwa kufanya biashara na watu wenye mashauri.

Februari 1921 mbunge Benjamin Welty wa Ohio alianzisha hoja ya kumshtaki Landis, haikufika mbali. Chama cha mawakili cha Marekani kilimlaani hadharani mwaka huohuo. Alijiuzulu ujaji kuanzia 1 Machi 1922, akabaki kamishna hadi kifo chake mwaka 1944. Kanuni za maadili ya majaji za chama hicho, zilizoandaliwa na kamati chini ya Jaji Mkuu Taft, zilipitishwa mwaka 1924.