Maswali na Majibu: Kinyama kimepimwa?

Wiki hii nimechukua maswali tisa kwenye rundo la meseji zenu. Sehemu kubwa ya rundo hilo ni swali moja linalojirudia: "Sista, nitumie dawa gani ya kansa?" Katika wote walioniuliza hivyo, hakuna hata mmoja aliyeandika majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa kikapimwe maabara, yalisemaje. Siwezi kumjibu mtu ambaye hajui anaumwa nini, na daktari naye hawezi.

SWALI: Shikamoo sista. Nina uvimbe titi la kushoto tangu mwezi wa tatu, hauumi. Daktari anataka kuchukua kinyama. Mama mkwe anasema kisu kikigusa, kansa inaamka na kusambaa mwili mzima. Ametaja majirani watatu waliokufa baada ya kukatwa. Nifanyeje? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Marahaba mwanangu. Nenda ukachukuliwe kinyama, na uende wiki hii.

Kisu hakiamshi kansa. Hao majirani siwafahamu, lakini wa namna yao nimewauguza miaka mingi. Mtu anakaa na uvimbe mwaka mzima, anazunguka kwa waganga, anafika hospitali titi limeshapasuka, amejifunga khanga mbili kuzuia harufu. Anakatwa, na baada ya miezi miwili anafariki. Watu wanakumbuka kisu kwa sababu ndicho walichokiona mwisho. Ule mwaka mzima hauhesabiwi. Na kutouma kusikutulize: kansa ya titi mwanzoni mara nyingi haina maumivu, ndiyo maana inapuuzwa.

Uvimbe mwingi wa titi si kansa, na jibu hilo peke yake litakurudishia usingizi. Ikiwa ni kansa, kinyama hichohicho ndicho kinachosema ni kansa ya aina gani. Ile inayolishwa na homoni ina tamoksifeni, kidonge cha zamani cha bei nafuu, kinachomezwa miaka 5 au zaidi. Ile yenye protini ya HER2 kwa wingi ina trastuzumabu, iliyoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015. Bei yake bado inawashinda wengi wetu, na wabunge waulizwe hilo kila kikao cha bajeti. Ila bila kipimo hutajua hata unachangisha hela za dawa ipi.

Kuna jambo hukuuliza nami nalisema. Kinyama kikishatoka, kifuatilie. Dada yangu alichukuliwa kinyama kwenye hospitali moja, mimi nikakabidhiwa chupa niipeleke maabara mjini. Kichupa cha plastiki, juu yake plasta nyeupe yenye jina lake kwa kalamu ya wino, wino umeanza kuchuruzika. Ndani mlikuwa na kinyama kama punje ya mchele kikielea kwenye maji ya dripu, badala ya fomalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze. Nilikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi, sikujua kuuliza. Kwenye maji yale kinyama kinaoza. Tulisubiri wiki sita, ukaja mstari mmoja: sampuli haifai, chukueni nyingine. Uvimbe haukutusubiri. Kwa hiyo wewe uliza: hii ni fomalini? Jina na namba ya faili viko kwenye chupa na kwenye fomu? Majibu yatatoka lini, na nimfuate nani?

SWALI: Ni kweli sidiria nyeusi, simu kwenye mfuko wa shati na maikrowevu vinaleta kansa ya titi? (Wengi mno)

Hapana kwa yote matatu, na naomba iwe mara ya mwisho kuulizwa. Laiti mngeniuliza kuhusu sigara na pombe. Au chai: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa WHO waliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha kansa ya umio, njia ya chakula kwenda tumboni, kansa inayowasumbua sana watu wa ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika. Watafiti walipima chai za watu Kilimanjaro kwa kipimajoto na kukuta wanaanza kunywa ikiwa imevuka hapo. Acheni kikombe kipoe.

SWALI: Kaka yangu ana kansa ya utumbo mpana. Dripu za kemo zimemchosha, ameziacha, anakunywa majani ya mstafeli. Anasema yana nguvu mara elfu 10 kuliko kemo. (Dada mtu, Morogoro)

Hiyo "mara elfu 10" inazunguka kwenye simu zetu miaka na miaka. Chanzo chake ni majaribio ya maabara, seli kwenye kisahani zikamwagiwa maji ya mmea zikafa. Seli kwenye kisahani hufa hata zikimwagiwa maji ya betri. Hakuna jaribio kwa binadamu lililoonyesha kwamba mstafeli unaponya kansa. Tena kwenye kisiwa cha Guadeloupe huko Karibiani, watafiti waliuhusisha ulaji na unywaji wake wa kupindukia na ugonjwa wa kukakamaa na kupoteza mizani unaofanana na Parkinson. Tunda lenyewe mara mojamoja halina neno.

Sidharau miti, na anayesema wauguzi tunadharau miti hajaona tunachoning'iniza kwenye dripu. Kuna ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe linalopandwa mbele ya nyumba kote pwani, asili yake Madagaska. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada na Marekani walilichunguza kwa sababu ya sifa yake ya kutibu kisukari. Kisukari halikutibu, ila waliona linashusha chembe nyeupe za damu. Humo ikapatikana vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963, na mpaka leo watoto wenye kansa ya damu wanatibiwa nayo. Lakini gramu moja tu inahitaji mamia ya kilo za majani makavu. Mtoto hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, kwenye mshipa wa damu tu. Ikikosewa ikaingizwa kwenye uti wa mgongo, inaua. Hiyo ndiyo safari ya jani hadi liwe dawa. Sufuria la majani yaliyochemshwa jikoni halina kipimo, na anayekuuzia hajui kilichomo.

Mrudishe kaka yako kwa daktari na aseme ukweli kwamba ameacha na anakunywa nini. Kichefuchefu kina dawa, dozi hupunguzwa, ratiba hupangwa upya. Kunyamaza ndiko kunakomharibia.

SWALI: Mama ana kansa ya kizazi. Tumemkatalia sukari, wali na ugali ili kansa ife njaa. Amebaki mifupa. (Mwanaye, Singida)

Mpeni uji leo, wa maziwa na karanga, na ale anachokitamani. Kila chembe ya mwili inatumia sukari, nzima na mbovu, na mtakayemuua kwa njaa ni mama. Akishuka uzito na damu hivyo, hata kemo ataahirishiwa.

SWALI: Shuleni wanataka kuwachoma mabinti chanjo ya kansa ya shingo ya kizazi. Wangu ana miaka 10. Mume wangu anasema inafunga kizazi. Na mbona zamani zilikuwa mbili, sasa moja? (Mama, Kigoma)

Haifungi kizazi. Kinachofunga kizazi ni kansa yenyewe, kwa sababu matibabu yake ni kuondoa kizazi au kupiga mionzi inayokausha mayai.

Hilo la dozi moja ni swali zuri, na jibu lake limetoka huku kwetu. Thika, Nairobi na Kisumu, wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 waliingia kwenye utafiti. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imewakinga dhidi ya aina mbili mbaya zaidi za HPV, virusi vinavyoleta kansa hii, kwa asilimia 97.5. Mwanza, mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa wapate dozi moja, mbili au tatu, damu zao zikafuatiliwa, na dozi moja ikaonyesha kujenga kinga inayodumu. Mwaka 2022 WHO ikaikubali dozi moja. Tanzania ilianza mwaka 2018 na mbili kwa wenye miaka 14, ikahamia moja mwaka 2024 kwa wa miaka 9 hadi 14. Mwambie mumeo kwamba mabinti wa Mwanza ndio walioifanyia dunia kazi hii. Si sawa binti wa Kigoma akose matunda yake. Binti anayeishi na VVU anahitaji zaidi ya moja, mwambieni nesi.

Na wewe mama, umepima lini? Wanapaka siki iliyopunguzwa makali kwenye shingo ya kizazi, wanasubiri dakika moja, sehemu yenye shida inageuka nyeupe, na mara nyingi inatibiwa siku ileile. Miaka 30 nenda. Mwenye VVU, 25.

SWALI: Urusi wametoa chanjo ya kansa zote, tunaipataje? (Kijana, Mombasa)

Hamna chanjo ya kansa zote. Tangazo lile la Desemba 2024 lilihusu chanjo ya kumtibu aliyekwisha kuugua, na nchi nyingine nazo zinajaribu za aina hiyo. Hutengenezwa kwa mgonjwa mmoja mmoja kwa kusoma uvimbe wake mwenyewe. Maana yake hata huko unaanza na kinyama. Ukitumiwa namba ya kulipia uwekewe nafasi, ni wizi.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 6 amevimba taya, meno yanalegea. Tulimng'oa jino, uvimbe ukazidi ndani ya wiki. (Bibi, Tarime)

Shikamoo bibi. Usingoje siku ya kliniki. Kesho alfajiri mpeleke hospitali ya Bugando, Mwanza, na hilo jino lililong'olewa ulitaje mlangoni. Inaweza kuwa jipu. Lakini kuna kansa ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, inayoanza hivihivi kwenye taya, na inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Hii kansa ina historia ya hapa jirani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliiandika mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka na gari kama maili elfu 10, hospitali hadi hospitali, wakiuliza nani ameona watoto wa namna hii. Vinyama vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege London, kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ukungu ulifanya ndege itue Manchester, chupa ikachelewa, maji yake yakafika yamechafuka. Wengi wangeyamwaga wakidhani yameingia bakteria. Epstein alichukua tone akaweka kwenye darubini, akaona chembe za uvimbe zikielea, hai. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi walivyovikuta humo, vya kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Chupa moja iliyotunzwa, bibi, na mtu aliyejali kuitazama.

Burkitt inasikia kemo sana, watoto wengi wanapona. Wengi tunaowapoteza ni wanaochelewa, na wale ambao uvimbe ukinywea baada ya dripu ya kwanza wazazi wanafunga mizigo. Ukinywea, msiondoke. Malizeni.

SWALI: Nilipangiwa mionzi mara 25 ya shingo ya kizazi. Nimepata 9, mashine imeharibika. Tumeambiwa tukasubiri nyumbani simu. (Mgonjwa, 41)

Usisubiri nyumbani. Matibabu ya mionzi kwa kansa yako yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8 tangu siku ya kwanza. Kila wiki inayokatika katikati inaipa kansa nafasi. Rudi kesho na ndugu mmoja anayejua kusema, mdai rufaa ya maandishi kwenda kwenye mashine inayofanya kazi, ikiwa na mpango wako wa mionzi na idadi uliyokwisha kupata. Bila karatasi hiyo utaanzishiwa foleni upya.

Haya yanaweza kuzuilika. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya kobalti ya Mulago, iliyofungwa mwaka 1995 na pekee kwa Uganda nzima, iliharibika kabisa, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka bila mionzi ya umma. Kobalti yenyewe, madini yanayotoa mionzi, hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na kidogo, kwa hiyo hata mashine isipoharibika mgonjwa analazwa chini yake muda mrefu zaidi. Kila mashine mpya inapozinduliwa, waandishi wenzangu, ulizeni fundi wake ni nani, vipuri viko wapi, mkataba wa matengenezo ni wa miaka mingapi.

SWALI: Baba ana kansa ya tezi dume imeingia mifupani, halali kwa maumivu. Daktari ameandika morfini ya maji. Shangazi amekataa, anasema ndiyo kumuaga, na atakuwa teja. Chupa iko kabatini siku ya nne. (Mtoto wa kwanza, Iringa)

Itoeni kabatini sasa hivi.

Baba yako si teja na hatakuwa teja kwa kutibiwa maumivu kwa kipimo cha daktari. Morfini haimuagi mtu. Nimeona wazee waliokuwa wamejikunja ukutani siku tatu wakainuka, wakaomba chai, wakauliza habari za shamba. Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha hospisi, huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mwaka 1993 kwa unga wa morfini unaochanganywa na maji, na hutiwa rangi ili chupa kali isichanganywe na nyepesi. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu. Hofu ndiyo inayoifungia kabatini, huku mgonjwa anauma shuka.

Mpeni kwa saa zilizoandikwa, hata kama kwa wakati huo hana maumivu. Mkisubiri yaanze mtakuwa mnakimbizana nayo. Ombeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, maana morfini hufunga choo kwa karibu kila mtu. Siku mbili za kwanza atasinzia, sehemu ya usingizi huo ni deni la siku alizokosa kulala. Akiwa mgumu kuamshwa au akipumua polepole sana, msimpe nyingine, mpigieni daktari au mkimbizeni hospitali. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai. Shangazi mpeni kazi ya kuandika saa kwenye daftari, ataona mwenyewe anavyolala. Chupa ikae juu, mbali na watoto, na itakayobaki irudisheni kwa mfamasia aliyeitoa.