Maswali Yenu: Ndege na Nondo wa Masika

Tangu mvua zikolee, barua zenu zimeongezeka, na nyingi ni za viwavi. Nimechagua saba. Zilizofanana nimezijibu pamoja, kwa hiyo usipoona jina la mtaa wako usidhani barua yako imepotea. Mnaoandika, tajeni mahali na saa mliyomwona ndege au mdudu. Rangi peke yake hunipa kazi kubwa, maana wengi hubadilika rangi msimu huu.

Shikamoo Mwalimu. Mbayuwayu wanajenga kiota cha udongo chini ya paa la baraza yetu tangu mvua ianze. Kaka yangu yuko Uingereza, anasema mwezi wa nne mbayuwayu wamefika kwao na watu wanawashangilia. Je, ni hawa hawa wetu? Wanajengaje huku na huko? Na je, niwaache? Kinyesi kimezidi. (Dada wa Chumbageni)

Marahaba. Si hao, ila ni jamaa moja.

Mbayuwayu wa Ulaya huanza kuonekana kwetu Tanga kuanzia Septemba na Oktoba. Ni wale waliokuwa wakijipanga kwenye nyaya za umeme kando ya mashamba ya mkonge: koo rangi ya kutu, ukanda wa buluu iliyoiva chini yake, tumbo jeupe. Hapa hawajengi hata siku moja. Huja kula na kubadili manyoya, na kuanzia Machi hukusanyika na kuelekea kaskazini. Wanaozaa Uingereza hasa hukaa Afrika Kusini wakati kwao ni baridi. Hilo tunalijua kwa sababu ya pete: mwaka 1911 John Masefield wa Staffordshire alimvisha pete mguuni mbayuwayu aliyejenga nyumbani kwake, na Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal. Mnyama wa gramu 20 hivi alikuwa amekatiza Afrika nzima. Kila nikisoma habari hiyo husimama kidogo.

Wako wewe ni mbayuwayu milia, mwenyeji wa hapa Afrika. Mtazame akitua: kichwa rangi ya kutu, kifua cheupe chenye michirizi myeusi iliyokolea. Kiota chake kina mlango mrefu wa kuingilia mithili ya bomba. Yeye husubiri mvua kwa sababu bila dimbwi hakuna tope, na bila tope hakuna nyumba. Kisogelee kiota uone: kila donge ni mdomo mmoja wa udongo ulioletwa na kubandikwa. Kipo kimoja mtaani kwetu ambacho safu za chini ni za udongo mwekundu na za juu ni za kijivu. Mvua ilikatika katikati ya ujenzi, dimbwi la kwanza likakauka, wakahamia jingine.

Waache, tafadhali. Gongelea kipande cha ubao chini kidogo ya kiota kipokee kinyesi, ukiondoe kipande hicho vifaranga wakisharuka. Mbu na inzi wanaoliwa pale barazani kwako ni wengi kuliko unavyofikiri.

Ndugu mwandishi, viwavi wakubwa wa kijani wenye pembe mkiani wanamaliza matembele yangu. Jirani anasema ile pembe inachoma na ina sumu. Nipulize dawa gani? (Mama mkulima, Pongwe)

Pole kwa matembele. Pembe haichomi wala haina sumu, unaweza kumshika kwa mkono mtupu. Wengine wa aina hiyo hiyo ni wa kahawia, usidhani ni mdudu wa pili. Huyu ni mtoto wa nondo wa viazi vitamu, kitaalamu *Agrius convolvuli*.

Akishiba hushuka mtini na kujifukia ardhini. Ukilima tuta baada ya hapo utakutana na kitu cha kahawia kinachong'aa, kirefu kuliko kidole gumba, chenye mkonga uliojipinda ubavuni kama mshikio wa birika. Ndani ya mkonga huo ndimo unamokua ulimi wa nondo. Akitoka ni mkubwa, mabawa ya kijivu, tumbo lina pingili za waridi na nyeusi, na ulimi wake ukiukunjua unazidi urefu wa mwili. Ukipita uani magharibi inapoingia, utamsikia kabla ya kumwona, akivuma mbele ya maua meupe bila kutua.

Hapa ndipo ninapokuomba usipulize dawa. Kwanza, yale ni majani unayoyapika. Pili, una mipapai? Mpapai jike hauzai mpaka chavua itoke kwenye mpapai dume, na watafiti waliofuatilia jambo hili Kenya waliwakuta nondo wa jamii hii ndio wachavushaji wakuu, wakifanya kazi saa ya jioni giza linapoanza. Mkulima anayewaua wote kwenye matembele atajikuta akilalamika kwamba mipapai yake inachanua tu. Waokote asubuhi kwa mkono, uwatupie kuku, na wachache wa pembeni ya shamba uwaache. Dudumizi na ndege wengine watakusaidia: huu ndio msimu wao wa kulisha vifaranga, na kifaranga hakui kwa mtama, anakua kwa viwavi.

Kwa walioandika kuhusu viwavi kwenye mahindi, hiyo ni kesi nyingine. Viwavijeshi wa asili ya Afrika hutokea ghafla mvua zinapoanza, kwa sababu nondo wao husafirishwa na upepo na kutua mahali mvua inaponyesha. Wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani, wakisongamana hugeuka weusi na kutembea kwa makundi. Viwavijeshi vamizi wana asili ya bara la Amerika na wameingia Tanzania mwaka 2017. Tazama kichwa utaona alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyojipanga mraba. Ukiyaona hayo nenda kwa afisa ugani siku hiyo hiyo, usingoje jirani naye aone.

Je, ni kweli dudumizi akilia mvua inakuja, au ni imani tu za wazee? (Kijana wa Maweni)

Wazee walikuwa wakitazama, hawakubuni. Dudumizi, wengine mnamwita tipitipi, hulia zaidi msimu wa kuzaa unapokaribia, na msimu wake wa kuzaa ni wa mvua, wakati vyura, panzi na viwavi wamejaa. Hewa ikiwa nzito na wingu limetanda asubuhi, sauti yake inayoshuka du-du-du-du kisha ikapanda husikika mbali, na mara nyingi mwenzake huijibu kutoka kichaka cha pili. Lakini hulia pia siku za jua kali. Kwa hiyo ukisikia dudumizi usianike mpunga kwa kujiamini, ila usiahirishe safari kwa ajili yake.

Mtafute kwenye uzio wa miti baada ya mvua kukatika. Hupenda kukaa juu na kutandaza mabawa yake ya kahawia nyekundu yakauke. Jicho lake jekundu likikutazama hutalisahau.

Nondo mkubwa wa kahawia mwenye macho kwenye mabawa ameingia chumbani na kukaa ukutani siku nzima. Mama mkwe anasema tusimguse, ni mzimu wa ukoo. (Msomaji wa Ngamiani)

Mama mkwe amesema msimguse, mtiini. Nondo yule hutafuta mahali penye giza pa kupumzikia mchana, na chumba chako kimemfaa. Macho yale ni madoa ya rangi ya kumshtua ndege anayetaka kumla. Hang'ati, hali nguo. Wanaokula nguo ni wadogo mno, na ni viwavi wao wanaokula, tena sufu na manyoya. Jioni fungua dirisha, zima taa ya ndani, atatoka mwenyewe.

Mwalimu shikamoo. Tulikwenda msitu wa Amani na klabu ya mazingira. Karibu na Sigi niliona kipepeo mweusi mwenye mistari ya kijani inayometa, nyuma ana dhahabu na zambarau, tena ana mikia. Mlezi wetu akasema ni nondo. Nondo si wa usiku? (Mwanafunzi, Muheza)

Marahaba mwanangu. Mlezi wenu yuko sahihi, na barua yako imenifurahisha kuliko zote. Umemwona *Chrysiridia croesus*, nondo anayeruka mchana, anayeishi kwenye misitu ya upande huu wa mashariki mwa Afrika, Zanzibar ikiwemo. Ndugu yake wa karibu yuko Madagaska. Siku nyingine mtazame papasi, zile mbili za kichwani: za kipepeo huishia na kifundo nchani, za huyu ni uzi mwembamba hadi mwisho. Viwavi wake hula mmea wa jenasi *Omphalea*, wenye sumu, na rangi kali kama zake mara nyingi ni onyo kwa ndege kwamba huyu haliki.

Kijani kile hakikupakwa. Magamba madogo ya bawa yana tabaka nyembamba sana, mwanga ukizigonga unarudi na rangi hiyo. Sogea hatua moja pembeni, kijani kinageuka dhahabu mbele ya macho yako.

Umeuliza pia kama huko kuna ndege asiyepatikana kwingine. Anayekaribia hapo ni mshonaji mwenye mdomo mrefu, *Artisornis moreaui*, ndege mdogo wa kijivu anayejificha kwenye mitambazi ya kingo za msitu. Anajulikana Usambara Mashariki na mlima mmoja wa kaskazini mwa Msumbiji, basi. Alielezwa kisayansi mwaka 1931 na akapewa jina la Reginald Moreau, Mwingereza aliyeanza kazi mwaka 1928 katika kituo cha utafiti cha Amani, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Moreau alifanya kazi na Salimu Asumani, na nataka ulishike jina hilo pia. Wazungu waliandika majarida, lakini waliokaa msituni wakitazama nani anaingia kwenye kiota gani walikuwa watu wa huku. Msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Klabu yenu ikirudi, kaeni kimya kando ya njia badala ya kukimbilia maporomoko.

Nina wageni wapenda ndege mwisho wa Aprili. Niwapeleke wapi bila kutoka mbali na mjini? (Mwongoza wageni, Raskazone)

Wapeleke kwenye matope ya pwani, Mwambani au Tongoni, siku za bamvua. Usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege watakuwa mbali mno. Nenda yakianza kujaa, yatawasukuma kuja kwako. Watafute ndege wa kaa, weupe na weusi, mdomo mweusi mnene wa kupasulia kaa. Wengi watakuwa njiani kwenda kuzaa kwenye fukwe za Uarabuni, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Keremkerem wekundu waliokuwa wakilala mikokoni nao wanaaga msimu huo. Wageni wako wakichelewa kidogo, Mei ikaingia, waonyeshe keremkerem wa Madagaska wanaofika, wa kijani, koo la kahawia nyekundu.

Wakiona kozi wadogo wengi juu ya mashamba wakifukuza kerengende, huenda ni kozi wa Amuri. Huzaa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, na walikuja huku kwa kukatiza Bahari ya Hindi wakisaidiwa na kaskazi.

Nawezaje kuwaona nondo wengi kwa pamoja bila kuwaua? (Wengi mmeuliza)

Tundika shuka jeupe uani, weka taa mbele yake, keti. Chagua usiku wa giza, wavuvi wa dagaa watakwambia tarehe, maana kwenye mbalamwezi taa huvuta wachache. Usiku wenye joto baada ya manyunyu ndio bora, upepo ukiwa umetulia. Balbu za mwanga mweupe huvuta zaidi kuliko za njano. Piga picha, andika, usiwabandike pini. Watoto wafundishwe kutogusa mabawa, kile kinachobaki vidoleni ni magamba na hayaoti tena.

Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: zima taa kabla ya alfajiri na ulikung'ute shuka taratibu kichakani. Ukiliacha mpaka kuche, mlamba na shorewanda watafika, na watakula wote mpaka wa mwisho.